Ngoma ya mpigaji maarufu ni shilingi ngapi? Namna ya kupiga hesabu yake ukiwa Lamu

Kila ikipita kwa simu habari kwamba dramu za mtu fulani zimeuzwa mamilioni huko Marekani, basi hapa Amu, yaani Lamu, wiki hiyo hiyo utasikia kuna mtu mtaa wa Langoni ana tari (ngoma bapa ya kushika mkononi) la marehemu babu yake na anataka kujua litatoa ngapi. Swali ni zuri wala halichekeshi, manake huyo babu pengine kweli alikuwa mpigaji ambaye kisiwa kizima kinamjua, ila jibu haliji kwa kuangalia ngoma ukataja namba. Na nikwambie mapema kabla hujachoka kusoma: kinacholipiwa pesa nyingi si mti wala ngozi, ni ushahidi kwamba fulani aliipiga hii hapa, si nyingine inayofanana nayo. Bila ushahidi una ngoma kuukuu tu, na ngoma kuukuu bei yake inajulikana.

Haya, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua unataka bei ya nini, na kama ni yako

Kitu kimoja kinaweza kuwa na bei tatu na zote zikawa za kweli. Kuna bei ya kumuuzia dalali leo leo pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hiyo iko chini kwa sababu dalali naye lazima ale. Kuna bei ya mnada, hiyo inategemea wangapi wanaitaka siku hiyo, wakiwa wawili wenye pesa na hawapendani utafurahi, akiwa mmoja peke yake utalia. Halafu kuna bei ya bima, yaani ikiungua au ikiibiwa utahitaji ngapi kupata ya namna ile ile, na hii kwa kawaida ndo kubwa kuliko zote.

Lakini kwetu huku swali aghalabu linatoka kwenye mirathi. Mzee kaondoka, watoto sita, nyumba imeshahesabiwa, jahazi limeshahesabiwa, zimebaki ngoma ukumbini na kila mtu anaziangalia kwa jicho lake. Hapo bei inayotakiwa ni ile ambayo warithi wote wanaikubali kwa tarehe moja, si ile ya ndoto. Na masheikh wana kauli zao kuhusu ala za muziki, dufu lina hukumu yake na ala nyingine zina yake, kwa hiyo mwendee kadhi kwanza kabla ya kumuita mtu wa kuthamini. Hapo mi simo.

Lingine ambalo watu wanaliruka: je ngoma ilikuwa ya marehemu kweli? Mtu anaweza kupiga vumi, ile ngoma kubwa, miaka thelathini na lile vumi si lake hata siku moja, ni mali ya chama cha ngoma. Na matari mengine yalitolewa wakfu kwa madrasa au msikiti, na wakfu haurithiwi wala hauuzwi. Ulizia hili mwanzo kabisa, kimya kimya, kwa wazee wa chama chenyewe. Ukianza kutangaza bei halafu chama kije kidai mali yake utaharibu udugu na wateja watakimbia.

Hatua ya 2: Tafuta bei ya kitu kitupu, bila jina

Sahau jina kwa muda. Jiulize, ngoma hii ingekuwa ya mtu asiyejulikana ingeuzwa ngapi?

Kama ni ya kuchonga, nenda kwa fundi anayewamba ngoma, muulize mpya ya mti huo na ukubwa huo anafanya kwa ngapi, na je mti huo bado unapatikana. Hiyo ndo sakafu yako, yaani bei ya kuanzia.

Kama ni seti ya kiwanda, na ziko bwana, bendi za mahoteli ya Malindi na Watamu zilikuwa na seti za Kiingereza na za Kimarekani na nyingine ziliishia stoo za watu, basi kazi ni nyepesi kidogo. Tazama kibati cha chapa ubavuni. Vua ngozi moja, mulika tochi ndani. Ludwig, kiwanda cha dramu cha Marekani, walianza kupiga namba kwenye vibati mwishoni mwa 1963, na ndani ya nyingi za miaka hiyo kuna muhuri wa tarehe. Premier ya Uingereza, Slingerland, Gretsch, kila moja ina alama zake za kujulisha umri. Piga picha kibati, muhuri, vyuma vya kukazia, halafu tafuta iliyouzwa ya aina hiyo. Hewa yetu ya chumvi inakula kromu vibaya sana kwa hiyo usijilinganishe na seti iliyolala nchi kavu miaka hamsini, punguza.

Hatua ya 3: Sasa weka jina, lakini jina lipimwe

Hapa ndo watu wanapochanganyikiwa na zile habari za mamilioni, kwa hiyo tuziangalie zenyewe.

Desemba 2015 kampuni ya mnada ya Julien's huko Beverly Hills iliuza seti ya Ludwig ya Ringo Starr, mpiga dramu wa bendi ya Beatles ya Uingereza, ile nyeusi ya lulu aliyoanza kupiga na Beatles mwaka 1963, kwa zaidi ya dola milioni 2. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya milioni 200. Mnunuzi alikuwa Jim Irsay, mwenye timu ya mpira wa Kimarekani ya Indianapolis Colts, sasa ni marehemu. Seti ya Ludwig ya mwaka huo huo na rangi hiyo hiyo isiyo na jina, mtu anaipata kwa maelfu ya dola, tena si maelfu mengi. Kwa hiyo karibu pesa yote pale ni Ringo na vikaratasi vyake, mbao na chuma havikuwa hata chenji.

Shuka chini kidogo. Neil Peart wa bendi ya Rush, Canada, alifariki Januari 2020, na Desemba mwaka huo seti yake ya Slingerland ya kromu aliyoanza nayo Rush iliuzwa na nyumba ya mnada ya Bonhams kwa dola 500,312. Hii ina kisa kizuri, manake Peart mwenyewe aliitoa zawadi mwaka 1987 kupitia shindano la gazeti la wapiga dramu, yaani ilijulikana wazi wazi ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Keith Moon wa The Who, bendi ya Uingereza, seti yake moja iliuzwa na nyumba ya mnada ya Christie's London mwaka 2004 kwa pauni 120,000, ilikuwa bei ya ajabu wakati ule. Moon alikuwa mvunjaji, anamaliza shoo anapiga teke dramu zinaruka, kwa hiyo zilizopona ni chache na uchache nao unalipiwa.

Sasa tujiangalie wenyewe bila kujionea huruma. Sisi tuna majina. Mzee Morris Nyunyusa wa Tanzania, kipofu aliyekuwa akipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, mlio wake ndo uliokuwa ukitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania, kuna watu wazima mpaka leo wakiusikia wanakaa kimya wakisubiri habari. Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013, na msondo wake, ile ngoma ndefu. Majina makubwa hayo, lakini umaarufu na soko ni vitu viwili. Ringo ana matajiri waliokuwa watoto mwaka 1964 na sasa wana pesa za kuchezea. Peart ana wapiga dramu wenyewe, kina yakhe wasiolala kwa ajili yake. Hata Charlie Watts, mpiga dramu wa bendi ya Rolling Stones, alikuwa akikusanya dramu za wapigaji wa jazz waliomtangulia, yaani mpigaji ananunua mpigaji. Je, wa kwako ana nani?

Jiulize hivi: nani anamjua nje ya kisiwa? Aliacha kurekodiwa, kanda au video au redio? Na kati ya wanaomjua nani amewahi kutoa pesa kwa kitu cha namna hii? Kwa mpigaji wa chakacha, ile ngoma ya harusi ya pwani, au wa matari wa hapa Lamu wanunuzi wa kweli ni makumbusho, mtafiti wa chuo, mwenye hoteli anayetaka kitu chenye hadithi ukutani, na jamaa zake walioko ng'ambo. Wa mwisho hao usiwadharau, ndo wanaolipa vizuri na haraka.

Kwa sababu hiyo ukiniuliza mi naongeza kiasi gani juu ya bei ya kitu kitupu, nasema hivi: jina la mtaa tu bila ushahidi, usiongeze kitu. Jina linalojulikana pwani nzima na ushahidi upo, hata mara tatu mara tano inawezekana ukipata mnunuzi sahihi. Zaidi ya hapo sitaji, anayetaja anakuuzia matumaini.

Hatua ya 4: Ushahidi, hapa kaa sana

Nikupe mfano. Tulikaa barazani mtaa wa Mkomani na mzee mmoja, tari liko mapajani mwake, mjukuu wa mpigaji ndiye aliyelileta. Nikamwambia, "Mzee wangu, matari ni mengi, wajuaje ni hili?" Hakujibu kwanza. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo pale mti umelika ukawa laini kama sabuni, upana wa gumba, halafu pembeni yake kidogo pana kibati cha shaba kimepigiliwa misumari mitatu, mmoja umeinama. Akasema, "Mwanangu, hapa lilipasuka siku za Maulidi. Kibati hiki nilikipiga mimi. Huu ulioinama nilijigonga kidole."

Hiyo ni dhahabu. Kwa nini? Kwa sababu baadaye mjukuu alitoa picha ya zamani ya Maulidi pale msikiti wa Riyadha, babu amelinyanyua tari, na ukikuza picha kibati kinaonekana karibu na mkono wake, na msumari ulioinama unaonekana. Sasa huna maneno matupu, una kitu, una picha, una shahidi aliye hai, na vyote vitatu vinasema kitu kimoja.

Wakubwa wa mnada nao wanafanya hivyo hivyo. Michirizi ya ile lulu ya Ludwig haifanani seti mbili, kwa hiyo wanachukua picha ya zamani na kulinganisha mchirizi kwa mchirizi. Kwa ngoma zetu tumia mafundo ya mti, madoa ya ngozi ya mbuzi, mahali vigingi vilipobadilishwa, alama za kisu cha mchongaji.

Vitu vya kukusanya basi:

- Picha na video, lakini si zile zilizozunguka WhatsApp mpaka zikawa ukungu. Omba faili ya kwanza kabisa kutoka kwa aliyepiga. Picha za studio za zamani geuza nyuma, mara nyingi kuna muhuri wa studio na tarehe.
- Risiti, barua, tangazo la harusi, kadi ya mwaliko yenye jina la kundi.
- Maneno ya wazee, yarekodi kwa sauti, kisha yaandikwe na yaapiwe mbele ya wakili yawe afidaviti. Aandike alichokiona yeye mwenyewe, si alichosikia. "Nilimuona akilipiga" ina uzito, "kila mtu anajua ni lake" haina.
- Mlolongo wa mikono: alifariki lini, lilikwenda kwa nani, likakaa wapi, likaja kwako vipi. Pakiwa na pengo la miaka ishirini liseme kama lilivyo, ukilificha mnunuzi makini atalipata na hapo hata lile la kweli hataliamini.

Na tofautisha alichomiliki, alichokipiga na alichokisaini. Saini juu ya ngozi haimaanishi aliipiga. Fimbo za dramu wapigaji wanazitupa kwa mashabiki kila usiku, ni nyingi, kwa hiyo ukiambiwa fimbo ya fulani ni utajiri, tabasamu tu. Na ile "barua ya uthibitisho" aliyoiandika muuzaji mwenyewe, hiyo ni karatasi.

Hatua ya 5: Usiguse

Usioshe, usipige vanishi, using'arishe shaba, usiwambe ngozi mpya "ili ipendeze". Najua mkono unawasha. Lakini sikiliza hii: Novemba 2015, mwezi mmoja kabla ya ile seti ya Ringo, iliuzwa ngozi moja tu ya mbele ya dramu kubwa yenye jina la Beatles, ile iliyoonekana kwenye televisheni ya Marekani tarehe 9 Februari 1964 na watu kama milioni 73, nayo ikapita dola milioni 2. Ngozi peke yake, karibu bei ya seti nzima! Na mwaka 2008 Christie's London waliuza ngozi iliyochorwa kwa ajili ya jalada la albamu ya Beatles ya Sgt. Pepper ya 1967 kwa pauni 541,250, makadirio yalikuwa kama laki moja na nusu. Sasa we unataka kutupa ngozi ya babu jalalani kwa sababu imelegea.

Ikiwa imepasuka iache na mpasuko. Ikiwa lazima iwambwe kwa sababu bado inapigwa, ngozi ya zamani ihifadhiwe imefungwa kitambaa cha pamba, pamoja na kamba zake na vigingi vyake. Dumuzi, wale wadudu wanaokula mti, ndo dharura pekee: ukiona unga mweupe chini ya ngoma, itenge na nyingine leo hii na umuulize mtu wa makumbusho kabla hujamwaga dawa.

Hatua ya 6: Linganisha na bei zilizouzwa, kisha toa makato

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni maombi ya muuzaji. Inayohesabika ni iliyolipwa. Nyumba za mnada huwa zinaweka matokeo yao wazi kwenye tovuti, tafuta hayo.

Na ujue ile namba ya kwenye habari aghalabu ina ada ya mnunuzi ndani yake. Tuseme nyundo ya mnadi imegonga, yaani mnada umefungwa, kwa laki tano. Mnunuzi anaongezewa ada, tuseme asilimia 25, analipa 625,000, na hiyo ndo utakayoisoma. We muuzaji unakatwa, tuseme asilimia 15 ya nyundo, inabaki 425,000. Toa usafiri na bima, tuseme elfu sitini, unashika 365,000. Watu wanapigana nyumbani kwa ajili ya 625,000 ambayo haikuingia mfukoni mwa muuzaji yeyote.

Hatua ya 7: Sheria, fupi lakini usiruke

Milango ya kuchonga ya kabla ya 1946 watu wa Lamu wote wanajua haitoki nchini hivi hivi. Ngoma hawaifikirii. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inahesabu kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Kama ngoma ni ya mababu wa mababu, anzia Makumbusho ya Lamu, wakuandikie.

Ngozi nayo iangaliwe. Mbuzi na ng'ombe sawa. Ikiwa ni ya kenge, chatu au mnyama yeyote wa porini, nenda KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla hata ya kuitangaza, sheria ya wanyamapori ya 2013 haiulizi ulirithi au ulinunua. Na hata ya mbuzi, nchi za nje zina masharti ya afya: mwaka 2008 fundi mmoja wa ngoma London alikufa kwa kimeta alichokipata kwenye ngozi zilizotoka nje. Kwa hiyo forodha wakiuliza karatasi za ngozi si ukorofi.

Hatua ya 8: Andika karatasi moja

Jina la mpigaji, aina ya ngoma, vipimo kwa sentimita, mti, ngozi, kila alama na kila kasoro, picha pande zote na ndani. Mlolongo wa mikono. Orodha ya ushahidi na uko kwa nani. Kisha bei, na usiandike namba moja, andika kutoka ngapi hadi ngapi, useme ni bei ya nini, mirathi au mnada au bima, na uweke tarehe. Bei ya mwaka huu si ya miaka mitano ijayo, video moja ikipata watazamaji inaweza kubadilisha hesabu yote.

Kama ni mirathi warithi wote waweke sahihi chini, na yule anayetaka kuibakisha ngoma nyumbani awafidie wenzake kwa ile bei ya chini kati ya hizo mbili, si ya juu, kwa sababu yeye haendi mnadani. Nakala moja abaki nayo mtu asiye mrithi.